Salamu Zako kwa Mama

Mheshimiwa,

Madam, binti yako, ameanza kufunga nyumba. Majivu yako atayapeleka mwenyewe kwenu, kaskazini mwa Sri Lanka, kwa wale waliokupigia kura miaka yote ile. Kitanda cha wagonjwa kimerudishwa kilikokodishwa. Kiti chako cha roshani bado kipo, na nikifagia nakizunguka, kana kwamba umekikalia.

Nilipokuja hapa Jumeirah Village Circle niliambiwa nitamtunza mzee aliyekuwa mbunge. Nikasema moyoni, basi kazi ipo. Wabunge nawajua; kwetu Mombasa huwaoni mpaka kura zikaribie. Nikakuita Mheshimiwa kwa kejeli. Nilipokueleza maana yake ulicheka mpaka ukapaliwa, na tangu hapo ukawa huitiki jina jingine.

Asubuhi ya kwanza uliniuliza, "Mama yako hajambo?" Nikakwambia ukweli, kwamba amefariki, wamemzika mimi ndiyo kwanza nimetua Dubai. Ulinishika mkono ukanipa pole ndefu, pole ya mtu aliyezoea kukaa matangani. Kesho yake ukauliza tena, maana kumbukumbu zilikuwa zimeanza kukukimbia. Nikakwambia tena, ukaumia upya. Kesho kutwa yake nikajibu hajambo. "Msalimie sana," ukasema. Ikawa ndiyo desturi yetu: chai, dawa, mama hajambo, msalimie sana.

Hata Wasswa, yule mlinzi Mganda wa mlangoni, ulimuuliza kila tuliposhuka. "Huyu mzee anampenda mama yangu kunishinda mimi," alikuwa akisema. Mimi nilidhani ni ujanja wa kampeni. Majina ya watu husahaulika, lakini kila mtu ana mama.

Juzi wazee wa kwenu walikuja kukuombea. Mmoja wao, aliyekuwa karani wako, akanieleza. Wakati wa vita akina mama walijaa barazani kwako tangu alfajiri, kila mmoja akimtafuta mwanawe aliyechukuliwa. Ukayabeba majina ya watoto wao hadi bungeni, ukayasoma kwa Kitamil. Wenzako wakatoka nje, nawe ukaendelea kuvisomea viti vitupu. Uchaguzi uliofuata ukakosa kiti, lakini akina mama hawakuacha kuja. Ndipo ukashika tabia hiyo: ukikutana na mtu yeyote aliye mbali na kwao, unamuuliza mama yake kwanza, kwa kuwa huenda yuko mahali amekaa anamngoja.

Nilikwenda jikoni nikalia. Si kidogo.

Likizo mbili zimepita sikwenda Mombasa, Mheshimiwa. Watu walidhani ni kwa sababu yako, kwamba huna wa kukutazama. Kumbe niliogopa kuingia nyumba ambayo mama hayumo. Hapa kwako alikuwa hajambo kila siku, na mimi nikaipenda hali hiyo. Ulipoondoka, asubuhi iliyofuata nilichemsha chai na hakuna aliyeniuliza kitu. Hapo ndipo mama yangu alipokufa.

Madam amenitafutia kazi mtaa wa Al Nahda, kwa familia inayotaka nianze sasa hivi. Nimewaomba wanisubiri niende nyumbani kwanza. Madam akaniuliza, "Na wakikataa?" Nikamwambia, "Khalas, madam, basi. Riziki iko kwa Mungu." Alinitazama, kisha akasema nimeanza kujibu kama baba yake.

Kwetu salamu ni amana. Ukipewa, unazifikisha, huruhusiwi kukaa nazo. Mimi nimekaa na zako mpaka zimenielemea. Kwa hiyo nakwenda kaburini kwa mama nikamweleze kwamba kuna mzee wa Kitamil aliyekuwa akimuulizia kila asubuhi, wala hakuwa akitaka kura yake. Hiyo nakuahidi.

Kwaheri, Mheshimiwa wangu. Sijui kama watu wa dini yenu na yetu huwekwa mahali pamoja. Ikiwa ndivyo, na ukamwona kabla yangu, usimpe pole. Mwambie mwanawe hajambo, yuko njiani anakuja.