Kwako Ombasha Feruzi, Uliyerudi Ndani ya Sanduku la Misumari

Mwaka umetimia leo, kaka Feruzi, tangu mashua ya serikali ikuteremshe hapa Rumonge ndani ya sanduku la mbao lililopigiliwa misumari. Nimeandika "ikuteremshe". Mwezi uliopita nisingeandika hivyo. Ningeandika kwamba iliteremsha sanduku, basi, kwa sababu hakuna mtu wa nyumba hii aliyejua ndani yake mna nini.

Karatasi hii itasomwa baada ya hitima yako, na nakala zitakwenda Kizuka na Nyanza. Wenye masikio wasikie. Hata wale watakaokaa karibu na mlango bila kualikwa, maana hawakosi, wasikie vizuri, ili wakifika bomani waseme nilichosema na si walichokiota. Herufi hizi za Kizungu nilijifunza mwenyewe juu ya cheti chako cha kuachishwa jeshi. Ulinipa ukicheka, ukasema, "Haya, Idi, mwenye maneno mengi, soma hiki." Ilinichukua miezi saba. Sasa nasoma, na ndiyo maana hawanipendi.

Ulikuwa askari, kaka, na hukuacha kuwa askari hata ulipovua koti. Kila asubuhi, kabla ya uji, ulisimama uani ukaita majina ya mkeo na binti zako kama bwana mkubwa anavyokagua kikosi. "Batuli!" "Nipo!" "Chausiku!" "Nipo!" "Mwanvua!" Na Mwanvua, kwa kuwa bado alikuwa anatafuna, aliitika kwa kupiga sufuria. Mwisho wao wote watatu walikuita wewe kwa cheo chako cha jeshi, "Ombasha!", nawe ukagonga visigino vyako vitupu, "Nipo!" Majirani walisema Feruzi amerudi na kichaa cha vita. Lakini niliwaona wakichungulia uani kila asubuhi, wake kwa waume, kungojea sufuria.

Ulipenda samaki wa ziwa letu, mikeke ya kubanikwa, yenye mawese mengi. Hukumpiga mwanamke wala mtoto. Chausiku alipopata homa ulimbeba mgongoni mpaka Kizuka kwa mganga, na kurudi, hukumpa mtu akupokee. Na kovu lako la begani, la mkuki wa vita vya Uhehe, nani pwani hii hajaonyeshwa? Mimi mwenyewe nimelitangaza miaka kumi na tisa. Kila niliposimama sokoni kusema juu ya kodi na kazi za kulazimishwa, nilimaliza kwa bega lako: "Kaka yangu alichomwa mkuki kwa ajili ya hawa, nao wamemlipa nini?" Watu walilia. Bega lako lilinisaidia sana. Nitalirudia.

Kisha hao wa serikali wakakupa ile kazi. Ugonjwa wa malale ulipoingia pwani walitafuta watu wa kushika shingo nyumba kwa nyumba, kupapasa tezi. Mwenye tezi iliyovimba anachukuliwa, anapelekwa kambini kudungwa sindano. Nilikuambia usiikubali. Nilikuambia mbele ya Batuli, "Jana ulibeba bunduki yao, leo wanataka vidole vyako." Ukajibu, "Wasipochukua vyangu watachukua vya mtu mwenye mikono baridi."

Na kweli, ulikuwa ukiipasha mikono yako kwapani kabla ya kumgusa mtu. Nilikuona. Ulimwamkia, ukamwuliza habari za shamba, ukapasha mikono, ndipo ukashika. Hata hivyo watu walikimbilia michikichini wakikuona unakuja. Ulirudi jioni umechoka. Sikukuonea huruma wakati ule. Nilikuwa na hasira na mikono yako.

Siku uliyojishika mwenyewe ilikuwa Ijumaa, mchana, tunakula. Ulipandisha mkono shingoni kama mtu anayefukuza nzi. Mkono haukushuka. Ukaweka tonge chini, ukamtazama Batuli, naye akaelewa kabla yangu. Nikasema, "Ng'ambo ya ziwa ile pale, kaka, kwa ndugu zetu. Mtumbwi ninao. Hakuna atakayekushika shingo huko."

"Nimewapeleka wangapi, Idi?"

"Hao ni wao."

"Mimi nijifiche kwa sura gani?"

Ukavaa koti lako la jeshi, lisilofunga tena tumboni, ukaenda kambini kwa miguu yako mwenyewe. Tulisubiri miezi minne. Hatukuruhusiwa kuja kukuona. Kisha likaja sanduku.

Shafii, askari mwenzako wa zamani, ndiye aliyelileta, na askari wanne, na karatasi yenye muhuri. Niliisoma mimi. Haikuwa na jina lako, ilikuwa na namba tu. Ilisema sanduku lisifunguliwe, kwa sababu ya maradhi. Nikamwambia Shafii, "Maiti hatujamwosha. Sanda hatujamvika. Tunazika mbao?"

"Amri ni amri, ndugu yangu Idi. Na wewe ni mtu wa nyumba ya askari."

Hapo ndipo tulipokosea, kaka, na kosa ni letu, silitupi kwa mtu mwingine. Nyumba nyingine yoyote ya pwani hii ingeleta shoka. Sisi tulilelewa na majina ya asubuhi. Tuliona muhuri, tukanyoosha migongo. Mimi, mwenye maneno mengi, mtu anayejulikana mpaka Nyanza kwa mdomo wake, nilifunga mdomo huo siku moja tu niliyotakiwa kuufungua. Nilibeba upande wa kichwa. Nikaona sanduku ni jepesi. Wewe hukuwa mwepesi. Askari wakapiga bunduki hewani mara tatu, Mwanvua akaziba masikio, tukafukia.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Nilisikia wanasema kambini watu wanapasuliwa ili watazamwe ndani. Nilisikia kwamba masanduku mengine hujazwa mchanga. Sijui kama ni kweli, na sijui kama ni uongo, na ndilo jambo linalonikasirisha: wametuweka mahali ambapo mtu mwenye akili zake lazima aamini kila kitu. Nilimshuku Shafii kwa sababu alilia sana. Nilimshuku mwalimu wa msikiti kwa sababu hakulia.

Na Batuli? Alikataa kukaa eda. Wanawake walipomletea kaniki aliirudisha. "Sikai eda ya sanduku," alisema. "Nionyesheni mume." Mji ukasema mengi. Walisema ana mwanaume. Walisema Ombasha ametoroka ng'ambo na yeye anajua. Uani, asubuhi, watoto waliitana majina, na walipofika kwenye "Ombasha!" walinyamaza, kisha wakaingia ndani bila kutazamana.

Mwezi huu akanijia. "Shemeji, mwaka unatimia. Nifukulie nimwone. Akiwa yeye nitamlilia. Akiwa si yeye nitamngoja."

Mwalimu alinikataza. Nikamwambia jembe halisomi fatwa. Nilimchagua Hassani mchimbaji na siku ya Jumamosi. Bomani wangenifunga, najua, nilikuwa nimeshamwambia mke wangu mahali pa kuniletea chakula.

Alhamisi, siku mbili kabla, akaja mtu wa Kizuka, Radjabu, kipofu, ameshikwa mkono na dada yake. Nilimkumbuka. Alikuwa mvuvi, mwenye macho makali kuliko sisi sote. Wewe ndiye uliyemshika shingo, kaka, ukampeleka. Malale yamemwacha. Macho nayo yamemwacha. Anasema yalianza kuzimika baada ya sindano ya tisa. Hilo nimeliandika hapa ili lisomwe kwa sauti. Sindano ya tisa.

"Amahoro, bwana Idi," alisalimia. "Nimesikia munataka kufukua. Musifukue. Mule ndani iko Ombasha. Niliyemuosha ni miye."

"Nani amekutuma?"

"Nani atatuma mutu kipofu?"

"Kipofu ndiye anayetumwa. Anapokea maneno bila kumwona uso anayempa."

Dada yake akataka waondoke. Radjabu akacheka, akakaa chini, akaomba maji. Alisema Waislamu waliachiwa waoshane wenyewe kule. Alisema uliuliza habari zake siku uliyofika, ukamwomba radhi, naye akakutukana. Siku ya pili ukaja tena, akakutukana tena. Ukaendelea kuja, ukimwongoza kisimani kila asubuhi, mpaka matusi yakamwishia. Ulipokufa, aliwaambia wenzake, "Huyu nitamuosha miye. Alinipashia mikono." Akachemsha maji kidogo, yasiwe baridi. Akakuvika sanda, akakulaza sandukuni, malale yamekukondesha ukawa mwepesi kama mtoto, akasimama pale mpaka msumari wa mwisho ukapigiliwa.

Mimi sikutikisika. Nikasema maneno mazuri yanaweza kufundishwa. "Tupe alama ya mwili wake."

"Kovu la bega la kulia."

"Hilo la mkuki linajulikana hata na mbuzi wa pwani hii! Nimelihutubia miaka kumi na tisa!"

Kipofu akageuza uso kuelekea sauti yangu, polepole. "La mukuki? Hapana, muzee. Mukuki unaingia, unaacha shimo. Nililishika kwa vidole hivi, sina macho ya kunidanganya. Lile limelala juu juu, mviringo, kama kikombe. Ni la moto lile. Kama mutu alipigwa na kitu cha jikoni."

Nikafungua mdomo kumfukuza. Batuli akatoka nyuma ya pazia. Alikuwa anacheka, kaka, au analia, sikuweza kutofautisha, na bado siwezi.

"Upawa," alisema. "Upawa wangu wa mawese. Mwaka wa kwanza wa ndoa, alinitania kuhusu ugali wangu. Nikamrushia. Akanishika mikono, akasema, 'Batuli, usiogope, tutasema ni Uhehe.' Hajamwambia mtu. Wala mimi."

Dada yake Radjabu ndiye wa kwanza kupasuka kicheko. Kisha Mwanvua. Kisha, Mungu anisamehe, mimi. Miaka kumi na tisa, Feruzi! Nimeitishia serikali kwa upawa! Watu wamelia sokoni kwa sababu ya ugali! Ulikuwa ukisimama pale kando yangu, umefunua bega, uso mkavu kama wa gwaride, na hukuniambia.

Nimemwambia Hassani aweke jembe. Mwalimu alikuja kumweleza Batuli kwamba siku za eda kisheria zilikwisha pita zamani, zilihesabika tangu ulipokufa. Batuli akamjibu, "Za sheria zimepita, mwalimu. Zangu zinaanza leo." Akamtuma Chausiku kuifuata ile kaniki.

Wasioalikwa wasifurahi. Kwamba sanduku lilikuwa na mtu wake hakunifanyi nisahau kwamba lilipigiliwa misumari. Tuliambiwa tusitazame, na ukweli tumeletewa na mtu aliyepofushwa. Nitauliza juu ya sindano ya tisa mpaka nijibiwe au nifungwe. Ila sitaonyesha tena bega lako. Hilo nimemrudishia mwenyewe, mke wako.

Tunaokukumbuka: mkeo Batuli; binti zako Chausiku na Mwanvua; mimi mdogo wako Idi na watu wa nyumba yangu; ndugu zetu wa ng'ambo; na Radjabu wa Kizuka, ambaye kuanzia leo ataandikwa pamoja na ndugu, atake asitake.

Asubuhi hii waliitana tena uani. Batuli akaitika, Chausiku akaitika, sufuria ikalia. Wakafika kwako. "Ombasha!" Nikaona watoto wameshageuka kuingia ndani kama walivyozoea. Batuli, amejifunga kaniki yake, akanyoosha mkono kuelekea kaburini, akajibu kwa niaba yako: "Yupo."

Tutakuita hivyo kila kukicha, kaka, maadamu mmoja wetu bado ana sauti.