Jezi Yako Niliyoivaa Msibani

Ifakara, Alhamisi jioni

Mama,

Ulikufa Jumanne, wiki ya kwanza ya mafuriko, na siku hiyo nilimpoteza mtu pekee aliyebaki kuniita kwa jina la chuoni. Kwa wengine mimi ni Bwana Silvesta mwenye mashine ya mpunga. Kwako nilikuwa Kitindamimba.

Mtu akiona nimekuita Mama, wewe Benedikto mwenye ndevu zako, atasema nimerukwa na akili. Acha aseme. Kule chuoni Uganda tulikuwa vijana kumi na mmoja, mbali na kwetu, hatuna shangazi wala mjomba wa kutuuliza tumekula nini. Tukaifanya timu kuwa nyumba. Nahodha akawa Baba. Wewe mlinda mlango ukawa Mama, kwa kuwa ulikaa nyumbani na kutugombeza. "We Kitindamimba, unamwacha mgeni anaingia mpaka jikoni!" Mimi beki wa kushoto, mdogo kuliko wote, nilikuogopa kuliko mwalimu wa hesabu. Mechi kumi na tisa, tulifungwa magoli saba tu.

Nina hasira nawe. Pale wodini uliniambia mimi peke yangu: "Mwanangu Anjela arudi shule. Kaka Kasiani asimpeleke shambani kwake Mofu." Kwa nini hukumngoja padri? Pumzi ilikuwa imekwisha, najua. Lakini katika watu wote ulimchagua yule ambaye ukoo wenu hauwezi kumsadiki msibani: mtani wenu.

Siku ya mazishi nilifanya kazi ya mtani. Nilivaa jezi yako ya kijani yenye viraka viwikoni, nikatembea kwa matege yako, nikajirusha matopeni mbele ya jeneza kama unadaka penalti. Watu walishika mbavu. Shangazi yako akapiga kelele, "Beni, inuka, unachafua nguo ya kuzikiwa!" Nikainuka, nikasema kwa sauti yako: "Kaka, Anjela arudi shule." Wakacheka zaidi. Nikarudia. Wakapiga makofi. Watu kama sitini, na asiyecheka mmoja: mwanao.

Lile halikuwa igizo, Mama. Lakini nani atamsikiliza mtani aliyevaa nguo za marehemu?

Jioni nilivua jezi, nikanawa, nikamfuata Kasiani. Shikamoo kaka. Nikamweleza yote. Akasema, "Mtani, umetuchekesha, ahsante. Sasa kapumzike." Nikakaza. Akakunja uso: "Maneno yako si wosia. Beni akitaka, aje aniambie mwenyewe."

Si mtu mbaya. Amezika mdogo wake, mkewe mgonjwa, mpunga wake Mofu hauna wa kufukuza ndege, na hapa anamwona binti wa miaka kumi na tatu amekaa tu. Mama wa mtoto alishatangulia. Baba mdogo hana. Nimehesabu waliobaki wa kumtetea, nimejipata mimi.

Baba, yule nahodha wetu, nilimpelekea telegramu Dar es Salaam. Alirudisha rambirambi, maneno manne. Wengine wanane kimya. Ndiyo nyumba yetu ile, Mama. Ndio wale tulioapa kuzikana.

Keshokutwa Jumamosi tunaanua matanga. Ukoo utakaa asubuhi, na mchana mtumbwi wa Kasiani unaondoka, Anjela ndani yake. Shule inafunguliwa Jumatatu. Sanduku lake liko kwangu, limeshafungwa, na karo ni juu yangu. Jana alikuja, akalifungua, akatazama madaftari, akalifunga tena.

Unakumbuka amri yako mpira wa juu ulipokuja langoni? "Nikisema yangu, pisheni. Nikinyamaza, piga!"

Safari hii siji na jezi. Nitavaa koti langu la kanisani, nitasimama mbele ya wazee wenu, na hakuna atakayecheka. Nakuahidi. Huenda utani wa mababu zetu ukafia hapo hapo. Na ufe.

Lala, Mama. Lakini nijibu kwanza. Mtokee kaka yako ndotoni, au nitokee mimi, kabla jogoo wa Jumamosi hajawika. Ukisema "Yangu", napisha.

Ukinyamaza, napiga.

Kitindamimba wako