Kwa Mama Yetu Vonceil Hutto, Aliyempigia Kelele Baroni Voskar

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Machi ulipokataa uji wa mahindi, ukageukia ukutani, ukatuacha. Ulikuwa na miaka themanini na saba. Tunakuandikia hapa gazetini, mbele ya watu wote wa Dothan, Alabama, kwa sababu mazishini kwako tulisema uongo, na waliousikia ni hawa hawa wanaosoma sasa.

Tulisema ulipenda bustani.

Mama, wewe ulichukia bustani. Nyanya ulizozijali ni zile ulizoletewa na watu kutoka Slocomb, na maua ya barazani kwako yalikuwa ya plastiki, ukiyaosha kwa mpira wa maji kila Pasaka. Lakini mchungaji wetu, ambaye ni kijana mwema na hakuwahi kukufahamu vizuri, alituuliza ulipenda nini maishani, nasi tukabaki kutazamana. Mwanao Rayford akasema bustani. Hakuna aliyembishia. Mchungaji akaandika, na siku ya mazishi akasimama akasema, na watu wakaitikia kwa vichwa kana kwamba walikuona na jembe mkononi.

Ulipenda mieleka. Leo tunaiandika kwa herufi zote. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi saa sita mchana, ulikaa safu ya pili, kiti cha pembeni, katika studio ya televisheni walikorekodi mieleka ya kwetu. Siku hizo mieleka haikuwa mali ya kampuni moja ya nchi nzima. Kila upande ulikuwa na watu wake, waliopigana Dothan Jumamosi, Ozark Jumatatu, Enterprise Jumatano, na ungeweza kukutana nao kituo cha mafuta wakinunua barafu.

Ulikwenda umevaa viatu vya kanisani na rangi ya midomo. Ulibeba karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa karatasi uliolowa, mwavuli hata wakati wa ukame, na ule mkoba mweusi wenye kifungo cha chuma. Wiki nzima ulishona kola za mashati kiwandani, chini ya bwana mmoja aliyesimama na saa akihesabu dakika zenu za kwenda chooni. Pale hukuruhusiwa kuinua sauti. Jumamosi uliinua. Ulisimama juu ya viatu vile vya kanisani ukamwambia mtu mwovu, usoni kwake, kwamba ni mwovu, na hakuna aliyekufukuza kazi.

Mtu mwovu wako alikuwa Baroni Voskar. Tangazo lilisema katoroka Budapest baada ya kumvunja mtu shingo. Alivaa joho jeusi, akasema Kiingereza cha kubabaisha, na mara moja mbele ya kamera alitamka kwamba chakula cha wanawake wa Alabama hata nguruwe wa kwao wangekisusa. Siku hiyo walinzi wawili ndio waliokurudisha kitini. Mtu mwema wako alikuwa Clete Rainwater, mtoto wa mkulima wa karanga kutoka Headland, aliyesalimia kina mama wote kwa majina.

Baba mdogo Lamar hakukuacha upumue. Kila Jumapili baada ya ibada, akiwa mezani kwako, alianza upya. "Shemeji, ile ni michezo ya kuigiza. Wale jamaa wakitoka pale wanakula sahani moja. Wanakuchezea." Wewe ulimpa bakuli la mbaazi ukamuuliza, "Ulikuwepo?" Akajibu hakuwepo. "Basi kula," ulisema, na mjadala ukaishia hapo hadi Jumapili nyingine.

Siku ya kukuzika, kwenye chakula, Baba mdogo Lamar alisimama na sahani yake ya nyama akasema maskini shemeji, walimdanganya maisha yake yote, na hakujua hata siku moja. Watu wakacheka. Na sisi wanao, Mama, tukacheka pia, kidogo, ili tusionekane tumeudhika. Hilo ndilo lililotukaa kooni mwaka mzima.

Wiki tatu baadaye gari lenye namba za Ohio lilisimama nje ya nyumba yako, tulipokuwa tukifunga vyombo. Akashuka mzee mkubwa wa mwili, masikio yamekunjamana, anatembea kwa fimbo, akishikwa mkono na binti yake. Alituuliza kama hapa ndipo kwa Bi. Hutto mwenye mwavuli. Alisema anaitwa Merle Tibbetts, na kwamba habari za msiba zilimfikia kwa kuchelewa. Alipoona hatumjui, alinyoosha mgongo, akakunja uso, akatutazama kwa dharau kutoka juu hadi chini.

Mwanao Delane aliangusha kitambaa cha vyombo. "Baroni Voskar," alisema.

Tulimkaribisha jikoni, tukampa kahawa na kipande cha keki ya limau. Alichotuambia wewe unakijua. Wanaosoma hawakijui, na sisi hatukukijua.

Ilikuwa Agosti mwaka 1974. Wiki iliyotangulia, Voskar alikuwa amemvunja Clete Rainwater mkono kwa kiti, au ndivyo watu walivyoona kwenye televisheni. Jumamosi hiyo Clete alipanda ulingoni mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa, kusalimia tu. Voskar akatokea nyuma, akamwangusha, akaukanyaga ule mkono. Studio nzima ilisimama. Wewe ulirusha karanga, kisha ukarusha mwavuli, na mlinzi akauchukua.

Baada ya kipindi, jua bado liko utosini, mtu mmoja alimsubiri Voskar kati ya magari akamchana kwa kisu cha mfukoni, upande wa kushoto, kutoka mbavuni hadi karibu na nyonga. Matairi ya gari lake yalikuwa yameshatobolewa. Wenzake walikuwa wameondoka kwa mlango mwingine. Wewe ulikuwa umerudi nyuma ya jengo kumdai mlinzi mwavuli wako, ukamkuta ameketi chini, mgongo ukutani, kajikandamizia joho ubavuni.

Alijitahidi kubaki Baroni. Kwa Kiingereza kile cha kubabaisha akakuambia uende zako, mwanamke. Wewe uliitazama damu, ukamtazama yeye.

"Ukinifia hapa," ulimwambia, "Jumamosi ijayo nitampigia nani kelele?"

Ukamwinua. Ukamlaza kiti cha nyuma cha Ford yako, juu ya blanketi la Baba la kuvulia samaki. Alikusihi usimpeleke hospitali, kwa kuwa hakuna muuguzi mjini asiyemjua, akakuelekeza njia ya kwenda Headland, kwenye nyumba ya daktari mmoja mstaafu. Kwenye mashimo ya kwanza ya barabara, Budapest ikamtoka. Alianza kumlilia mama yake kwa Kiingereza safi cha Ohio. Anasema hukugeuka wala hukuuliza kitu. Ulipunguza mwendo tu.

Mlango ulifunguliwa na Clete Rainwater; kumbe kila Jumamosi baada ya kipindi wanamieleka walikula pamoja kwa daktari huyo. Alikuwa amevaa aproni, na kikaango cha kambale amekishika kwa mkono wa kulia, ule uliovunjika.

Merle anasema walisimama watatu pale, na mafuta yakilia kikaangoni. Alijua yamekwisha. Mwanamke huyu akisema neno moja kiwandani, kwamba mahasimu hawa ni marafiki na mkono ni mzima, kufikia Jumatano kila mtu atalijua, na hakuna atakayerudi studio. Clete alikuwa na mke na watoto watatu, na hakujua kazi nyingine.

"Mkono unaendeleaje?" ulimuuliza Clete.

Clete aliutazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Akajibu kwamba unamuuma kidogo.

"Basi ufunge. Na anayekufunga mwambie fundo likae begani, si kifuani. Leo nimeliona linateleza, na mimi si peke yangu mwenye macho."

Kisha uliingia ndani. Ulimshikia daktari beseni akimshona Merle nyuzi kumi na nne, ukamwambia nyuzi zake zimeachana mno, na daktari, kwa maneno ya Merle, akazisogeza. Clete aliketi kwenye kiti cha jikoni ukamfunga kitambaa upya kwa mikono yako, fundo begani. Ulipotaka kuondoka Merle alianza kukuomba, hata hakujua anaomba nini. Ukamkatiza. Ulisema wewe ulifuata mwavuli tu na hujaona kitu.

Blanketi halikurudi. Sote tunakumbuka Baba akilitafuta nyumba nzima, na wewe ukimwambia limeliwa na nondo.

Jumamosi iliyofuata watu walidhani Voskar hatakuja. Alikuja. Wewe ulikuwa wa kwanza kusimama. Ulimwita jina ambalo Merle alikataa kulirudia mbele ya binti yake. Alipopita karibu na kiti chako ulimpiga na ule mkoba kwa nguvu zako zote.

"Upande wa kulia," Merle alituambia. "Nyuzi zilikuwa kushoto. Akanipiga kulia. Miaka kumi na miwili baada ya hapo alinichukia kila Jumamosi, na hakukosea hata mara moja."

Rayford alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Merle alijibu kwamba kazi yao ilikuwa na kiapo, na alikishika maadamu Clete yu hai, na baada ya Clete, mkewe Clete. Sasa wote wametangulia. Alisema semeni, andikeni popote mtakapo, yeye amechoka kukuacha ubebe peke yako. Ndipo akafungua shati, palepale jikoni, akatuonyesha kovu.

Basi tunasema.

Hukudanganywa, Mama. Wewe ulijua kuliko sisi sote, ulijua kuliko Baba mdogo Lamar na ujuzi wake wote wa mezani. Ungeweza kumwambia siku yoyote kwamba ni kweli wanakula pamoja, na kwamba wanakula kambale. Ulichagua kuonekana mjinga ndani ya nyumba yako, miaka na miaka, ili mtu wa Ohio na mtu wa Headland waendelee na kazi, na ili wanawake wenzako wa kiwandani wasinyang'anywe Jumamosi yao. Mwaka 1986 studio ilipoacha kurekodi, na mieleka ya nchi nzima ikaja na taa na moshi wake, uliitazama mara moja ukaizima. Ulisema hawa hata njia ya kwenda Ozark hawaijui. Tulidhani ni uzee.

Ninyi mliocheka siku ile, na ambao mtacheka mkisoma haya, hatuwabembelezi. Mnasema ilikuwa imepangwa. Ilikuwa imepangwa. Kisu hakikupangwa. Mwanamke aliyemtia adui yake garini mchana kweupe, akafunga mdomo kwa karibu miaka hamsini, naye hakupangwa na mtu. Mwenye jambo kubwa kuliko hilo katika ukoo wake aje alitangaze, nasi tutalisoma kwa heshima.

Mchungaji ameyasoma maneno haya kabla hatujayapeleka gazetini. Alituuliza kama tuna hakika. Tuna hakika.

Baba mdogo Lamar tulimwita chakula cha Jumapili, tukamweleza yote toka mwanzo. Ana miaka themanini na miwili sasa, na kusikia kwake si kwema, kwa hiyo Jerrilyn alilazimika kurudia sehemu ya mkono mara mbili. Akaweka uma chini.

"Alijua?" aliuliza.

Tukamwambia ulijua.

"Kila Jumapili nilipokuwa nikisema?"

"Kila Jumapili, Baba mdogo."

Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha meza, akaivaa tena. "Basi aliyechezewa ni mimi," alisema. Kisha akaagiza tuyaandike maneno hayo hapa kama alivyoyasema, na jina lake tuliweke chini pamoja na yetu, wala lisiwe la mwisho.

Unakumbukwa na wanao, Jerrilyn, Rayford na Delane. Na shemeji yako Lamar Hutto, anayekuomba msamaha mbele ya watu. Na wakwe zako, Buford na Nelda. Na wajukuu zako sita pamoja na kitukuu, Marvelle, uliyemwona mara moja. Na wanawake waliobaki wa chumba cha kola. Na Merle Tibbetts wa Lima, Ohio, ambaye tangu siku ile ya keki ya limau tunamhesabu ndugu.

Tutakukumbuka daima, Mama, na kwa sauti ya juu.