Jumapili ya Wimbo wa Edna

Colne, Lancashire
Februari 9, 1953

Mjukuu wangu Edna,

U mzima? Mimi mzima, goti tu ndilo linaninunia. Na huyo Stanley wako, jeshi linamlisha? Wewe umenenepa kidogo, au Ujerumani hakuna viazi? Anayeandika ni Winnie wa mlango wa pili, maana mimi nilizaliwa kwenye mashua ya mfereji, shule niliiona ikipita tu. Nikisema neno baya, Winnie analiruka. Namwona.

Toka Oktoba hujaniandikia. Nimekukosea nini, mtoto? Sema.

Redio uliyoniachia naiwasha nikiteleka birika. Anaanza mtu wa dini, anafuata mama wa mapishi anayedhani sote tuna mayai. Saa nne na nusu wanapiga muziki wa kuwachangamsha wafanyakazi viwandani, mimi na Winnie tunatikisa mabega kama tungali wasichana. Baadaye anakuja yule bwana anayewasomea mabaharia hali ya hewa, bahari moja baada ya nyingine, taratibu, kama anawalaza watoto. Hapo huweka kiganja juu ya sanduku la redio. Lina joto. Nafumba macho, naiona mashua yetu inapita ndani ya ukungu, mama yangu kashika usukani, na wewe umekaa mbele unachezesha miguu majini, ingawa mama alikufa hujazaliwa. Nikifumbua macho, ni jikoni tu.

Ni mimi bibi yako,
Tabitha


Ujerumani, kambini
Februari 20, 1953

Bibi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, Stanley anakusalimu, na viazi vipo. Pole na goti.

Umeuliza, nakujibu. Siku ile naondoka ulikuwa kwenye sinki, unaosha vyombo. Nilisimama mlangoni na sanduku langu nikasema, "Bibi, naondoka." Nikarudia. Nikarudia tena. Hukugeuka. Stanley alikuwa anaita, basi lisituache. Nilijua hukutaka niolewe na mwanajeshi, lakini sikudhani ungeninyima hata uso.

Nimetuma kadi kwenye kile kipindi cha Jumapili mchana, kile cha nyimbo za walio mbali na kwao. Nimekuombea wimbo, wameniambia nitegemee Machi 8. Usikilize, uniandikie ni wimbo gani. Usiponitajia, nitajua ulikusudia kunipa mgongo, na sitakusumbua tena.

Mjukuu wako,
Edna


Colne
Machi 9, 1953

Edna,

Natumai barua hii imekukuta salama. Mimi sijui kama ni mzima.

Jana Winnie alikuwa Morecambe kwa dada yake. Nilikaa peke yangu mbele ya redio, nimevaa gauni la kanisani, nyama ikaungua kwenye oveni nikaiacha. Niliweka viganja vyote viwili, kisha shavu. Vilipita vitu vingi vya kutetemeka. Mara kikaja kimoja laini, kirefu, kikapanda mikononi mpaka hapa kifuani. Nikasema, ndiye. Nikalia kama mpumbavu.

Winnie karudi leo. Akasema, "Nitamuuliza mke wa mchinjaji, yeye hakosi kusikiliza. Tunaandika jina la wimbo, yamekwisha."

"Winnie, funga hilo domo uandike ninachosema."

"Utampoteza huyo mtoto, Tabitha!"

"Andika, mjinga wee!"

Basi anaandika, na pua inamvuja.

Mimi ni kiziwi, Edna. Miaka arobaini kwenye mashine za kufuma, masikio yamekufa kabla wewe hujaanza kutembea. Unajua kiwandani tunavyoongea kwa midomo bila sauti, maana kelele zile hazimpi mtu nafasi. Mpaka mtaani tunaongea hivyo hivyo. Katika mji huu nani atamgundua kiziwi? Ulinisemesha usoni, nikakujibu. Lakini redio haina midomo. Winnie ndiye hukaa ubavuni mwake akinitamkia kila kitu, toka mtu wa dini mpaka kengele za taarifa ya habari.

Siku ile kwenye sinki sikusikia kitu. Niligeuka na kikombe chako cha chai mkononi, nikaona mlango wazi. Nikadhani wewe ndiye uliyeniacha bila kuniaga.

Nilikuficha kwa sababu ungebaki uwe masikio yangu. Stanley angeoa mwingine, nawe ungezeekea jikoni kwangu. Heri unichukie ukiwa na mumeo.

Jina la wimbo silijui. Sikudanganyi.

Bibi yako


Ujerumani
Machi 16, 1953

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako niliisomea ngazini. Nililia hata Stanley akadhani umekufa.

Kadi yangu haikusomwa. Tulisikiliza mpaka mwisho, wakasoma za watu wengine. Tangu hapo nimekuwa nikiiogopa barua yako, bibi. Ungenyamaza, ningeumia. Ungenitajia wimbo, ningejua umenidanganya, na hilo sijui ningelibebaje. Wimbo ulioushika ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Usimrudishie. Kaa nao.

Stanley amepewa likizo ya Pasaka. Tutafika Jumamosi mchana. Sitabisha hodi, wala sitaita jina lako. Nitaingia tu, nikushike bega.

Mjukuu wako,
Edna