Petroli ya njiani

Kasongo, Ijumaa. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na sina moyo wa kufua wala wa kupika.

Tulimzika mama Jumapili. Naandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hakuna anayenijua. Nyumbani kumejaa watu wa matanga, na siwezi kusema.

Pikipiki yetu ni ya umeme. Kaka yangu Sefu, anayefanya biashara Dar es Salaam, aliivusha ziwa, akaipakiza lori mpaka hapa, ili mume wangu Ramazani aache kuendesha pikipiki za watu. Mtaa mzima ulikuja kuishangaa. Haina moshi, haina kelele! Lakini umeme wenyewe Kasongo hatuna. Tunachaji kwa pano za jua za jirani, zile paneli za sola, na masika hii, weh, jua tunalibembeleza.

Jumamosi mama alizidiwa huko shambani, njia ya Kabambare. Tukamweka katikati tumpeleke kwa daktari Kasongo, Ramazani mbele, mimi nyuma nimemshika. Alipumua kwa shida. Matope na vilima vikaimaliza betri, pikipiki ikazima.

Sasa, huku kwetu motari, mwendesha pikipiki, hampiti mwenzake aliyekwama. Ukiishiwa petroli, wa kwanza kupita anatia mpira kwenye tanki lake, anakuvutia chupa, na hudaiwi kitu. Ni desturi ya njia hii mpaka Salamabila. Wakasimama wawili. Mmoja alipakia mafuta ya mawese. Mwingine, kijana wa Lusangi, hakubeba kitu, naye alikuwa anaelekea Kasongo.

"Mama, leta mugonjwa, nimubebe," akaniambia.

Ramazani akakataa. "Hapana, ndugu. Mutupe petroli tu. Kinyozi wa pale iko na jenereta. Tutachaji, tutafika."

Chupa mbili zinafikisha pikipiki Kasongo, ndivyo alivyopiga hesabu. Ndiyo, zikiwa kwenye tanki la pikipiki ya petroli! Wakatupa chupa mbili, wakamwombea mama, wakaenda. Na mimi nilinyamaza. Niliona haya zawadi ya kaka ishindwe mbele ya watu.

Jenereta ya kinyozi ni ndogo, ya kuchaji simu. Tukiitia chaja inakohoa, inazima. Tunaiwasha tena. Ilipiga kelele mchana kutwa, na betri ikapanda kidogo tu. Mama alilala kwenye benchi ya kinyozi, mkono wake ndani ya wangu. Akauliza, "Tumefika?" Nikamwambia bado kidogo.

Alikufa chupa ya pili haijaisha.

Simchukii Ramazani. Hapana, nadanganya. Jana nilimchukia. Leo nilimkuta anaipangusa ile pikipiki huku analia, nikaketi naye. Lakini hasira iko, na sijui niipeleke kwa nani. Kaka alituletea kitu alichoona kinawafaa watu wa huko. Umeme wa huko hakuweza kuupakiza lori, wala barabara.

Mchana amepiga simu. Hakupata njia ya kuwahi mazishi, na inaonekana hakuna aliyemweleza mama alifia wapi. Alilia sana, kisha akasema, "Dada, hata hivyo namushukuru Mungu. Piki ilimufikisha mama kwa daktari. Hakufia njiani, si ndiyo?"

Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata.

Kesho atapiga tena. Nitamjibu nini?