Kichupa cha Zambarau

Ijumaa, 26 Juni

Likizo fupi ya katikati ya muhula. Nimeshinda katika maabara ya shule yangu ya zamani, hapa nyumbani Kiritiri. Kule Runyenjes ninakofanya mazoezi ya ualimu, maabara imejaa vifaa vya mock, mtihani wa majaribio. Mwalimu Njoka, aliyenifundisha kemia, amenifungulia mlango akaniomba tu nisiichome shule. Imani kubwa hiyo!

Nimetengeneza kitu kizuri. Kloridi ya kobalti ndani ya maji ni ya waridi. Ukiongeza asidi kali inaanza kugeuka buluu. Ukienda tone kwa tone na kusimama katikati, unapata zambarau: waridi inageuka buluu, buluu inageuka waridi, kwa kasi ile ile. Ukikitazama kichupa utasema kimetulia. Wapi! Ndani mna kwenda na kurudi bila kupumzika, ila hesabu ya kila upande haibadiliki. Huo ndio msawazo, na ndilo somo nitakalofundisha Dkt. Mithika wa chuo akija kunikagua. Kichupa ndani ya maji moto — buluu. Ndani ya maji baridi — waridi. Wasichana wa Kidato cha Nne wataona kwa macho yao.

Na ni lazima waone. Daktari aliponikagua mwezi wa tano aliniambia ninafundisha ubao, sifundishi watoto. Maneno hayo bado yananiuma. Ukaguzi ujao ndio wa mwisho. Nikianguka, narudia mazoezi yote mwaka ujao, wenzangu wavae majoho bila mimi. Nimemweleza Mama. Amesema ataniombea, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimejaza vichupa viwili, nikafunga vizibo. Jasho limelowesha blauzi yote. Kiritiri ni Kiritiri.

Jumapili, 28 Juni

Nimerudi Runyenjes. Baridi! Sweta mbili, na bado ninaandika mkono mmoja ukiwa kwapani. Mama Cicily, mwenye nyumba ninayopanga, amenicheka. Anasema hii si baridi, baridi inakuja Julai. Kisha akaniletea chai, kwa hiyo nimemsamehe.

Vichupa viko salama ndani ya soksi.

Jumatatu, 29 Juni

Balaa. Nimefika maabara asubuhi, ukungu hata bendera ya shule haionekani. Nimetoa vichupa kwenye soksi — waridi! Vyote viwili. Ile zambarau yangu yote imekwenda.

Ndwiga, anayetunza maabara, amevigeuza-geuza mkononi akasema labda asidi imetoroka kama mvuke njiani, barabara ile ina mashimo. Nimeona ina mantiki. Ama nilipima vibaya, akili yangu ikiwa kwa chakula cha Mama. Nimeongeza asidi, tone kwa tone, kwenye vichupa vyote, hadi zambarau ikarudi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne, na bado ninarekebisha mambo kwa kuonja kama mpishi. Lakini imerudi. Roho imetulia.

Jumatano, 1 Julai

Madam Veronicah, mwalimu ninayefanya kazi chini yake, amesoma andalio langu la somo. Amekunja uso alipofika kwenye K, ile namba inayoonyesha msawazo umeegemea upande gani na kwa kiasi gani. Anasema haimo katika silabasi. Mtihani hautaiuliza, na Daktari atataka kujua kwa nini ninawabebesha watoto mzigo usio wao. Nimeiondoa. Imeniuma kidogo, kwa sababu bila K somo lote linakuwa hadithi ya rangi tu.

Jambo la pili alilosema, na amelirudia: shika andalio. Mwalimu anayetoka nje ya andalio mbele ya mkaguzi amejichimbia kaburi.

Nimekagua vichupa kabla ya gwaride. Zambarau safi. Ukungu bado.

Alhamisi, 2 Julai

Ujumbe wa Daktari: Jumatatu, saa nne asubuhi. Hakuna salamu, hakuna zaidi.

Nimefundisha kioo cha Mama Cicily somo zima. Kioo kimeelewa.

Jumatatu, 6 Julai

Ninaandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya walimu. Daktari yumo ndani na Madam Veronicah, mlango umefungwa. Nisipoandika nitatafuna kucha zote.

Wiki nzima hatukuona jua. Leo, leo hii, limeamua kutoka. Kufikia saa nne lilikuwa limejaa dirishani na vichupa vyangu viko pale pale kwenye meza ya mbele, vimeota jua kama mijusi. Sikuviangalia. Nilikuwa namwangalia Daktari akitafuta kiti cha nyuma.

Nilianza vizuri. Niliwauliza kama ni kweli maji yakimwagika hayazoleki. Wakasema ndiyo. Nikasema kemia ina maji yanayozoleka, wakacheka, nikajiambia, Lorna, leo uko sawa. Nikageuka, nikainua kichupa juu.

Buluu.

Sijakipasha moto. Sijakigusa! Na andalio, ambalo Daktari alikuwa nalo mapajani, linasema mwalimu ataonyesha mchanganyiko wa zambarau. Wambeti, anayeketi mbele kabisa, akasema kwa upole, "Madam, hiyo si purple." Nikachukua cha pili. Buluu pia, bila shaka, maana vyote niliviongezea asidi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kudanganya, kusema nilitaka waone buluu kwanza. Midomo ilikuwa tayari kabisa. Lakini hapo hapo, nikiwa nimeinua mkono kama mtu anayesimamisha gari, ndipo nikaelewa. Asidi haikutoroka popote. Vichupa vilitoka kwenye joto la kwetu vikaingia kwenye baridi ya huku, vikawa waridi kama vitabu vyote vinavyosema. Ndilo somo lenyewe! Nami nikarekebisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Nikawaambia, "Nimekosea. Nisaidieni kuona ni wapi." Nikawasimulia yote, Kiritiri, soksi, ukungu, asidi. Waliposikia sweta mbili walicheka hadi Ndwiga akachungulia. Sikujali. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona wote wananiangalia mimi, si saa ya ukutani.

Nikaacha ubao wenye maandishi yangu mazuri, nikafuta, nikachora mazizi mawili ya mbuzi wa baba yangu. Moja juani, moja kivulini, na mwanya katikati. Mbuzi wanapita huku na huku mchana kutwa. Huku kuna wengi, kule wachache. Hawalingani, lakini kila anayetoka anaingia mwingine, basi ukihesabu wengi ni mara mbili ya wachache, na inabaki hivyo. Hiyo mara mbili ndiyo K. Ikanitoka! K ile ile niliyoiondoa. Nikamwona Madam Veronicah mlangoni akifumba macho.

Nikauliza: nikiongeza mbuzi kwenye zizi moja? Wakasema watasambaa hadi iwe mara mbili tena. Na jua likiwa kali sana? Mmoja aliyeketi nyuma akasema wengi watakimbilia kivulini, ile mara mbili yenyewe haitabaki. Ndipo Wambeti akageuka kuangalia dirisha, akaangalia kichupa, akaniangalia mimi.

"Kwani Madam, wewe uliongeza mbuzi na shida ilikuwa jua?"

Darasa liliangua kicheko. Nami nilicheka, na machozi yalikuwa karibu, sijui ya nini. Ndiyo, mtoto wangu. Niliongeza mbuzi. Asidi inasukuma tu, K haijali. Joto ndilo linaloigusa K.

Baada ya hapo sikuwa na kazi. Walizunguka meza, wakachota maji baridi ya bomba, wakatumbukiza kichupa kimoja. Zambarau ikaja polepole, halafu waridi pembeni. Wakakitoa, wakakiweka juani tena. Wakabishana kama kitachoka. Kengele ilipolia sikuwa nimetoa muhtasari, wala zoezi la nyumbani. Nusu ya andalio haikuguswa. Jaribio la maji moto halikufanyika kabisa.

Daktari alisubiri wasichana watoke. Akasema somo nililofundisha silo lililoandikwa. Nikasema ndiyo, Daktari. Akauliza K imetoka wapi. Nikasema niliihitaji. Hakutabasamu, hakununa. Akaingia ofisini.

Tangu hapo niko hapa. Nasikia sauti ya Madam Veronicah zaidi ya yake. Ananitetea, au anajitetea — sijui. Nikianguka leo nitaumia, siwezi kujidanganya. Nitalia mbele ya Mama kama mtoto. Lakini nikiulizwa kama ningependelea saa ile iende kwa mujibu wa andalio, nadhani jibu ni hapana. Nimeshangaa kuliandika hilo.

Mlango umefunguka. Nimesimama, nikaketi tena kuandika haraka, maana Daktari amerudi ndani kuchukua koti. Ameuliza kama nina darasa jingine leo. Ndiyo, Daktari, Kidato cha Nne Mashariki, baada ya mapumziko, somo hili hili. Akasema alama hajaandika. Anataka kuketi nyuma mara ya pili, na hilo andalio atabaki nalo yeye. Madam Veronicah amesimama nyuma yake ananitazama kama mtu anayesindikiza jeneza.

Wingu limefunika tena, uwanja wote umekuwa wa kijivu. Sijui vichupa vina rangi gani sasa. Ndwiga ananipungia mkono kutoka maabara, anataka nije niangalie kabla hawajaingia, anaonyesha chupa ya asidi kwa kidole. Nimemtikisia kichwa. Aiache kabatini. Kengele inalia, wasichana wanapanga mstari mlangoni, Daktari amevaa koti, na mimi nitaingia nao, nivione wakati ule ule wanapoviona wao, niwaulize kwa nini vina rangi hiyo.