Mafua Mlangoni mwa Kahuzi

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa tano

Nimechota maji, nimefagia, nimepanda ngazi za mtaa wetu, Cimpunda, na sare yenye doa la mafuta. Kama kila siku. Halafu Madame Béatrice, mwalimu wetu wa biolojia, akasoma majina ya wanafunzi kumi watakaoenda parki ya Kahuzi Jumamosi kuona gorila. Langu lilikuwa la saba. Darasa zima likageuka kuniangalia. Mimi nikaangalia meza. Ndani nilikuwa naruka.

Ule mulima wa Kahuzi naonaga tu wakati mawingu yanaondoka. Sijawahi kufika.

Jumatano, tarehe 8

Pua inavuja.

Alhamisi, tarehe 9

Madame ametusomea sheria za parki. Kuvaa maski. Kusimama mbali. Na mwenye mafua hasogei kabisa, kwa sababu gorila anashika magonjwa yetu, na mafua ya mtu yanaweza kumuua. Kisha akauliza kwa Kifaransa kama sote tuko wazima.

“Oui, Madame!” Nimeitika pamoja na wengine.

Ni uongo. Lakini kwa Kifaransa uongo unatoka bila shida. Ni lugha ya kuitika darasani. Haifiki tumboni.

Mama amenifunika kikwembe, kitenge chake, juu ya sufuria ya majani ya mikaratusi, nivute mvuke. Hajui sheria ya parki, sijamwambia. Kaka yangu Pacifique anajua, na ananicheka: “Weye utapiga chafya moja tu, gorila atakujibu à tes souhaits, afya njema!”

Ijumaa, tarehe 10

Sipigi chafya tena. Nakohoa kidogo, ndani ya mto. Najiambia nimepona. Sijapona.

Nimemuomba Mungu anisaidie kuficha. Halafu nikaona haya kumuomba kitu kama hicho. Nikaomba hata hivyo.

Jumamosi, tarehe 11

Nimerudi. Nimechoka. Niandike kabla sijaanza kuipamba hadithi yangu.

Njiani mashamba ya chai, ukungu, wenzangu wanaimba. Nilikunywa tangawizi kwa chupa na kumeza kila kikohozi. Mlangoni mwa parki akatokea kiongozi wetu, papa mmoja, baba wa makamo mwenye buti za mpira. Hakuuliza kundi zima. Alipita kwa kila mmoja, na aliuliza kwa Kiswahili chetu, vile Koko, nyanya yangu, anauliza nikiingia kwake: “Mutoto yangu, uko muzima?”

Mdomo ukakataa. Nilikuwa na “oui” tayari, lakini hakuna mahali pa kuiweka.

“Hapana, Papa. Niko na mafua.”

Wote walisikia. Dorcas wa darasani kwetu akanifinya mkono: “Na weye! Ungenyamaza tu!” Madame akageukia wengine, akawagawia maski. Hilo ndilo liliniuma.

“Aksanti, mama,” papa yule akasema. “Enda ukae na Maman Nabintu. Naye ni mugonjwa.”

Wakaingia msituni bila mimi. Nililia nyuma ya gari.

Maman Nabintu kazi yake ni kufuata nyayo za gorila kila asubuhi. Alikaa kwenye benchi, kitambaa shingoni, pua nyekundu, amekasirika. “Siku ine siwaoni batoto bangu, hawa gorila. Juu ya makamasi!”

Alinionyesha daftari lake. Michoro ya pua tupu. Gorila kila mmoja ana mistari yake juu ya pua, na hakuna wawili wanaofanana, kwa hiyo wanachorwa pua ili wajulikane. Kuna pana, kuna iliyopasuka kidogo, kuna ya mtoto bado laini. Alisema majina yao moja moja, kwa kila jina akipenga kamasi.

Akanipa penseli. Nikachora pua yake mwenyewe. Ili uchore lazima uangalie. Sijawahi kumuangalia mtu mkubwa usoni muda mrefu hivyo.

“Yesu! Umenipatia pua ya baba yangu!” Alicheka hadi akakohoa. Nikakohoa naye. Tulikohoa bila kujificha, na kifua kikawa chepesi.

Wenzangu walirudi na matope magotini, wanaongea wote pamoja. Niliwaonea wivu. Naandika ilivyo. Wivu mkubwa.

Ndani ya basi Madame akakaa karibu yangu. “Alhamisi uliniambia oui.”

“Pardon, Madame. Nilikudanganya.”

Akakata andazi lake, beignet, nusu akanipa.

Jumapili, tarehe 12

Baada ya misa majirani wamekaa kwetu. Maman Sifa akaniuliza mbele ya watu kama niliona gorila. Kawaida ningekimbilia jikoni.

“Hapana, Maman. Nilikuwa na mafua, nilibaki mlangoni.”

“Ee! Kumbe ulienda kufanya nini?”

“Nilipeleka mafua matembezi.”

Wakacheka, hata baba yangu. Nilisubiri aibu ije. Haikuja.

Mvua ikaanza. Tukaingiza viti.